Tabasamu la Kaunta Lilitoka Wapi?

Wakikutana Wabongo wawili waliowahi kukaa majuu, subirini dakika kumi tu. Baada ya salamu, baada ya kuulizana habari za baridi na za makaratasi, mazungumzo lazima yaangukie kwenye mada ile ile: huduma kwa mteja. "Kule bwana ukiingia dukani unapokelewa kwa tabasamu. Hapa kwetu mhudumu anakuangalia kama umekwenda kumdai." Kisha inafuata hukumu, na yenyewe huwa fupi: sisi Waswahili hatuna ustaarabu wa biashara, ni hulka yetu, basi.

Hukumu hiyo nimeisikia kwenye daladala, kwenye chumba cha habari na kwenye sherehe za harusi. Mwaka mmoja niliokaa Columbus, Ohio, kwa masomo, niliisikia karibu kila Jumapili tulipokusanyika kula ugali kwa kaka mmoja mkarimu. Na kila nikiisikia napata hamu ya kubisha. Mambo tunayoyasifia ughaibuni yana tarehe za kuzaliwa, yana wazazi, na mengine yana damu. Kununa kwetu nako kuna tarehe zake. Hulka haihusiki sana.

Kwanza tukubaliane kwamba tofauti yenyewe ipo, tusije tukajidanganya. Kule Columbus nilinunua viatu, vikanibana. Wiki mbili zikapita. Rafiki yangu akaniambia virudishe tu. Nikavibeba na risiti, huku nimejiandaa kwa ugomvi, hoja zangu nimezipanga kichwani kama wakili. Binti wa kaunta hakuuliza hata swali moja. Aliipitisha risiti kwenye mashine, akanitakia siku njema, na hela ikarudi kwenye kadi. Hoja zangu zote zikabaki bila kazi. Nyumbani tumezoea maandishi mengine, yale yaliyopigwa chini ya risiti au kubandikwa ukutani juu ya kalenda: "Mali ikishauzwa hairudishwi."

Basi tuchimbe.

Kwa karne nyingi watu wa Ulaya na Marekani walipatana bei kama tunavyopatana Kariakoo. Hakukuwa na lebo. Muuzaji alimpima mteja kwa macho kuanzia viatu hadi kofia, akataja bei ya kuanzia, mteja naye akashangaa kwa sauti, wakaendelea hapo. Waliokataa mchezo huo mapema na kwa ukaidi walikuwa watu wa dini, wale Waquaker wa Uingereza, wafuasi wa George Fox, katika miaka ya 1600. Hoja yao ilikuwa nyepesi: ukitaja shilingi tano huku unajua moyoni utakubali tatu, umesema uongo. Kwa hiyo walitaja bei moja na kuishia hapo. Mwanzoni wateja waliwakimbia. Baadaye waliwarudia, kwa sababu kwa Mquaker ungeweza kumtuma hata mtoto na asipunjwe. (Hao ndio wale wale waliofika Kaimosi, magharibi mwa Kenya, mwaka 1902, na leo Kenya ndiyo nchi yenye Waquaker wengi kuliko zote duniani. Kama kupatana bei Kaimosi kumekwisha, atakayejua aniambie.)

Lakini dini peke yake isingeibadili biashara ya dunia. Kilichoibadili ni ukubwa. Mwaka 1846 mhamiaji kutoka Ireland, Alexander Turney Stewart, alifungua jengo kubwa la marumaru pale Broadway, New York, akauza vitambaa kwa bei isiyobishaniwa. Mwaka 1852 Aristide Boucicaut alianza ubia katika duka la Bon Marché mjini Paris, na kwa miaka iliyofuata akaligeuza kuwa mahali ambapo unaingia, unatazama, unashikashika, unatoka bila kununua na hakuna wa kukukaripia. Kule Philadelphia akatokea John Wanamaker, aliyefungua duka lake la kwanza mwaka 1861. Mwaka 1876 alifungua duka kubwa ajabu ndani ya kilichokuwa kituo cha reli. Wanamaker alitangaza magazetini kwamba asiyeridhika arudishe mali arudishiwe fedha zake.

Sasa kwa nini? Hawa jamaa hawakuwa na roho nzuri kuliko yule mzee wangu wa vitenge pale Mtaa wa Msimbazi. Tuangalie hesabu. Kupatana bei kunahitaji mtu mwenye mamlaka ya kupunguza, na mtu huyo ni mwenye mali au ndugu yake wa karibu. Ndiyo maana Kariakoo ukiuliza "mwisho shilingi ngapi?" kijana anapaza sauti kumuuliza mzee aliyekaa nyuma. Lakini ukiwa na makarani mia tano, wengi wao vijana wa kuajiriwa ambao hata majina yao huyajui, utawaachia vipi mfuko wako? Utabandika lebo. Karani hapaswi tena kujua kupatana bei; anatakiwa kujua kufunga mzigo na kuwa mpole. Na mteja aliyenyang'anywa silaha yake ya kubishana lazima apewe kitu badala yake. Akapewa haki ya kurudisha. Bei moja na kurudisha mali ni mapacha, walizaliwa tumbo moja na duka kubwa.

Na hata leo, kitu ambacho wengi wetu hatukijui: Marekani hakuna sheria ya serikali kuu inayolilazimisha duka kupokea viatu vizima eti kwa sababu vinakubana. Ni utaratibu wa duka lenyewe, limejipangia kwa sababu limeona linauza zaidi. Kitu kibovu ni habari nyingine. Kwa kitu kibovu hata sisi tuna Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, tuliyorithi kwa Waingereza, ambao waliitunga ya kwao mwaka 1893. Sheria ipo. Ni lile tangazo la ukutani ndilo tunalolisoma.

Jambo la pili linalomshangaza mgeni ni kujihudumia. Hili wenyeji wa kule hulidhani ni la tangu Adamu. Wala. Hadi mwanzoni mwa karne ya 20 duka la vyakula Marekani lilikuwa kama duka la Mangi hapo mtaani kwako, ukiondoa zile nondo: kaunta mbele, bidhaa nyuma, wewe unataja, karani anapima sukari, anafunga, anaandika kwenye daftari. Ndiyo, daftari. Mkopo ulikuwepo kama kawaida. Tarehe 6 Septemba 1916, mjini Memphis, Clarence Saunders alifungua duka lenye jina la kuchekesha, Piggly Wiggly. Unaingia kwa mlango unaozunguka, unachukua kikapu, unapita kwenye njia moja inayokuzungusha dukani kote, unachagua mwenyewe, unalipa mlangoni taslimu. Saunders aliuombea utaratibu huo hataza na akaipata mwaka 1917. Troli ilikuja baadaye, mwaka 1937 kule Oklahoma City, kwa akili za mwenye maduka aliyeitwa Sylvan Goldman. Wateja hawakuitaka mwanzoni, ikabidi aajiri watu wa kuzunguka nayo dukani wakijifanya wananunua!

Angalieni kilichotokea hapo. Huduma ilipunguzwa. Kazi ya karani, yaani kuchukua, kupima na kufunga, alipewa mteja aifanye bure, na daftari la mkopo likatupwa. Akashangilia kwa sababu bei ilishuka. Leo tunakwenda kule tunasukuma troli wenyewe, tunajipimia ndizi wenyewe, siku hizi hata mashine ya kulipia tunaibonyeza wenyewe, halafu tunarudi nyumbani kusimulia jinsi wazungu wanavyojua kuhudumia!

Halafu kuna ule msemo, "mteja ana haki siku zote". Wengine wanampa Marshall Field wa Chicago, wengine wanampa Harry Gordon Selfridge aliyefanya kazi kwa Field kisha akaenda kufungua duka lake London mwaka 1909. César Ritz wa mahoteli naye alikuwa na wake wa Kifaransa, kwamba mteja hakosei kamwe. Yeyote aliyetangulia, msemo huo ulikuwa mageuzi, maana kabla yake sheria na desturi zilimwambia mnunuzi ajihadhari mwenyewe. Ukipunjwa, macho ulikuwa nayo.

Lakini msemo ule una shimo katikati yake. Nani alikuwa anahesabiwa kuwa mteja?

Tarehe 1 Februari 1960, katika mji wa Greensboro, North Carolina, wanafunzi wanne weusi wa chuo waliingia katika duka la Woolworth. Majina yao ni Ezell Blair, David Richmond, Franklin McCain na Joseph McNeil. Walinunua vitu vidogo vidogo, dawa ya meno na kadhalika, wakalipa, wakapewa risiti. Kisha wakaenda kuketi kwenye kaunta ya chakula ndani ya duka hilo hilo na kuagiza kahawa. Wakaambiwa hapa hatuwahudumii watu weusi. Nao wakauliza swali lenye risiti mkononi: mbona kaunta ile mmepokea pesa yetu? Wakabaki wamekaa mpaka duka lilipofungwa. Kesho yake wakarudi na wenzao, na keshokutwa zaidi. Tarehe 25 Julai mwaka huo kaunta ile ikaanza kuhudumia watu weusi, na mwaka 1964 ikaja sheria ya haki za kiraia iliyopiga marufuku ubaguzi huo nchi nzima.

Katika maduka mengi ya kusini mwa Marekani mama mweusi aliweza kununua kofia lakini asiijaribu kichwani. Viatu alipimiwa kwa karatasi iliyochorwa nyayo nyumbani. Kwa hiyo siku ile mimi, kijana mweusi wa Dodoma, nilipokwenda na viatu vyangu vilivyobana, nikapokewa bila swali, kulikuwa na watu waliokaa kwenye viti kama vile vya Greensboro kabla yangu, wakamwagiwa vinywaji na kuchomwa kwa sigara. Wanamaker peke yake asingenifikisha pale.

Tuje kwenye tabasamu lenyewe sasa, hasa lile la mgahawani. Mhudumu anakuja anakutajia jina lake, anauliza hali yako, anarudi kila dakika tano kuuliza kama chakula ni kitamu, maji yako hayapungui kwenye glasi. Mgeni wa kutoka Dar anayeyuka. Halafu inakuja bili, na chini yake nafasi ya kuandika bakshishi. Wenyeji wanakunong'oneza: asilimia 15 ni uchoyo siku hizi, weka 20.

Bakshishi nayo Marekani ililetwa, na ilipofika ilichukiwa. Matajiri wa kule waliiiga Ulaya katika karne ya 19, wananchi wengi wakaiona ni ushenzi wa kimwinyi usiofaa katika nchi ya watu sawa. Majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuipiga marufuku, Washington likitangulia mwaka 1909. Kufikia 1926 sheria zote hizo zilikuwa zimefutwa. Kilichoikomaza ni waajiri kugundua faida yake: mteja akimlipa mhudumu, mwajiri analipa kidogo, au halipi kabisa.

Na waliofanyiwa hivyo zaidi ni watu waliotoka utumwani. Baada ya vita ya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, kampuni ya George Pullman, iliyoundwa mwaka 1867, ilianza kukodisha mabehewa ya kulala kwenye treni, na ikaajiri wanaume weusi, wengi wao waliotoka utumwani juzi juzi, kuwatandikia abiria vitanda, kuwang'arishia viatu na kuwabebea mizigo. Mshahara ulikuwa mdogo makusudi. Ilitarajiwa waongezee kwa bakshishi, na bakshishi haitoki bila tabasamu. Abiria hawakujisumbua kuwauliza majina. Waliwaita wote "George", jina la bosi, kama zamani mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Kulipwa mshahara kamili kulihitaji saa 400 kwa mwezi au safari ya maili 11,000. Mwaka 1925 waliunda chama chao chini ya A. Philip Randolph. Kampuni ilikisumbua chama hicho miaka 12 kamili kabla ya kusaini nacho mkataba mwaka 1937.

Mambo haya hayajaisha. Sheria ya kima cha chini cha mshahara ya mwaka 1938 iliwaacha nje wahudumu wa mahoteli na migahawa. Walipoingizwa mwaka 1966, waliingizwa kwa mlango wa nyuma: mwajiri aliruhusiwa kuhesabu bakshishi kama sehemu ya mshahara. Leo kima cha chini cha serikali kuu kwa mhudumu anayepokea bakshishi ni dola 2.13 kwa saa, na kimesimama hapo hapo tangu 1991! Kwa wengine ni dola 7.25 tangu 2009. Yapo majimbo kama California na Minnesota yanayotaka mhudumu alipwe kima kamili, lakini Texas na mengine mengi ya kusini yamebaki kwenye ile 2.13. Kisheria bakshishi isipofikisha kima cha kawaida, mwajiri anatakiwa kujazia. Kwa maneno mengine, yule dada anayekuuliza kama chakula ni kitamu anauliza habari za kodi yake ya nyumba.

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alichapisha kitabu, The Managed Heart, baada ya kuwachunguza wahudumu wa ndege wa Delta. Alionyesha kwamba walifundishwa kulitoa tabasamu kama sehemu ya kazi, na kwamba wengine walifika mahali hawajui tena lipi ni lao na lipi ni la kampuni. Ndugu zetu wabeba maboksi wanaelewa. Wengi wao wamehama kutoka kubeba boksi ghalani kwenda kwenye nyumba za wazee na mahotelini, na huko boksi lenyewe ni uso.

Ushahidi kwamba tabasamu hili ni la Kimarekani, na si la "wazungu" kama tunavyopenda kusema kwa jumla, upo Ujerumani. Walmart iliingia huko mwishoni mwa 1997 na mambo yake yote: wakaribishaji mlangoni, makarani wenye amri ya kutabasamu. Wateja wengi wa Kijerumani waliona ajabu. Huyu mtu asiyenijua ananichekea nini? Mwaka 2006 kampuni ikauza maduka yake na kuondoka. Sitadai kwamba ilifukuzwa na tabasamu. Washindani wa bei rahisi kama Aldi walikuwepo, na sheria za kazi za pale ni ngumu. Lakini ni nchi ambayo kwa sheria ya mwaka 1956 maduka yalifungwa saa 12 na nusu jioni ili muuzaji naye aende nyumbani, na mpaka leo Jumapili maduka mengi yamefungwa. Ukitaka maziwa Jumapili usiku, shauri yako. Mjerumani hakuona kwamba hapo amekosewa adabu.

Na Urusi nako. Mgahawa wa kwanza wa McDonald's Moscow ulipofunguliwa tarehe 31 Januari 1990, watu zaidi ya 30,000 walihudumiwa siku hiyo moja. Vijana wa kaunta walikuwa wamefundishwa kutabasamu, na jambo hilo lilizungumzwa mjini karibu sawa na chakula chenyewe. Warusi walikuwa wametoka kwenye miongo ya foleni, na kwenye foleni anayetabasamu ni mnunuzi.

Hapo kwenye foleni ndipo tunaporudi nyumbani.

Kabla ya Azimio la Arusha, duka la Tanganyika lilikuwa zaidi la Mhindi. Neno lenyewe "duka" tulilipata huko. Watu kama Allidina Visram, aliyekuja pwani akiwa kijana mdogo na kufariki mwaka 1916, waliutandaza mtandao wa maduka kutoka Bagamoyo na Mombasa hadi Uganda. Uhusiano wa duka lile na mwananchi haukuwa wa mapenzi, na malalamiko ya mizani iliyochezewa ni ya kweli. Lakini kulikuwa na kupatana bei, kulikuwa na mali kauli, na mwenye duka alikijua kijiji kizima kwa majina.

Mwezi Februari 1967 serikali ilitaifisha makampuni makubwa ya biashara ya jumla na kuunda shirika la STC. Mwaka 1973 likavunjwa, zikazaliwa RTC za mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, maduka ya watu binafsi yakafungwa sehemu nyingi ili nafasi ichukuliwe na maduka ya vijiji na ya ushirika, kabla ya operesheni hiyo kusitishwa. Nia ilikuwa kumkinga mnyonge na mlanguzi, na mimi si miongoni mwa wanaoikejeli nia ile. Kisha yakafuatana mafuta kupanda bei, vita ya Kagera ya 1978 na 1979, fedha za kigeni kukauka, viwanda kukosa vipuri. Bidhaa zikatoweka.

Mwanauchumi wa Hungary, János Kornai, aliandika mwaka 1980 juu ya nchi za namna hiyo. Palipo na uhaba wa kudumu, anayehitaji kubembelezwa ni muuzaji. Mnunuzi ndiye anayesubiri, anayesalimia kwa unyenyekevu, anayechukua kilichopo. Wakati Kornai anaandika hayo, bibi yangu mzaa mama alikuwa akiamka usiku Dodoma kuwahi foleni ya sukari. Anasimulia jinsi watu wazima walivyomnyenyekea kijana mwenye funguo za stoo. Kijana akisema imekwisha, imekwisha, hata kama umeliona gunia. Kufulia walitumia majani ya mpapai. Unga ulikuwa wa yanga, yaani ule wa mahindi ya njano ya msaada, ambao kwa kejeli ya historia mwingi ulitoka Marekani hiyo hiyo.

Mwaka 1983 ikapita operesheni ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Watu walioficha sabuni na nguo walizitupa usiku vichakani. Mwaka 1984 bajeti ikaruhusu mwenye fedha zake za nje aingize bidhaa, na mwaka 1985 akaja Mzee Mwinyi, Mzee Ruksa. Maduka yakajaa tena. Lakini adabu ya kaunta haiji na kontena. Kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kwamba mwenye bidhaa ni bwana, na kikawafundisha waliokipokea kazi. Ofisi nyingi zenye dirisha moja dogo la kuinamia zimebaki na tabia hiyo hadi leo, maana dirisha lile bado halina mshindani. Linganisheni na makampuni ya simu: yalipokuwa mengi tu, tukaanza kuitwa "mpendwa mteja" hata tulipokuwa hatupatikani.

Jambo moja linaachwa kila tunapojilaumu. Kuna huduma ambazo Columbus sikuziona kabisa. Hakuna aliyenipimia mafuta ya kula ya mia tano, wala kuniuzia kiberiti kimoja, panadol mbili, robo ya sukari. Hakuna aliyenitupia nyanya moja ya nyongeza juu ya fungu. (New Orleans wana jina la nyongeza, lagniappe, na Mark Twain aliiandika mwaka 1883, lakini Ohio hawajaisikia.) Na hakuna aliyenifungulia daftari. Mangi wa mtaani kwetu anakuuliza hali ya mgonjwa kabla hujataja unachotaka, na mwisho wa mwezi ukichelewa anamtuma mtoto kukusalimia, wewe mwenyewe unaelewa salamu hiyo ni ya nini. Supamaketi kubwa kutoka nje zimekuja Dar es Salaam zikaondoka. Yeye yupo, nyuma ya nondo zake, na hatabasamu hata kidogo.

Kuna dada yetu mmoja Houston, ni mhudumu wa mgahawa, analipwa ile ile dola 2.13 na kinachobaki ni mashavu yake. Nilimuuliza kwa simu anaonaje hukumu yetu ya Jumapili. Akacheka, akasema akija likizo Dar kitu cha kwanza anachokifurahia ni kukaa kwenye baa ya kitimoto, mhudumu amenuna, hakuna anayemsumbua kila dakika tano. Kisha akanisimulia ya wiki ile. Alikwenda kwenye duka la mikate, akachukua mkate mwenyewe, akaupitisha kwenye mashine mwenyewe, akaufunga mwenyewe. Hakuongea na mtu. Alipoweka kadi, skrini ikamuuliza anapenda kuacha bakshishi asilimia ngapi: 18, 20 au 25.